Neno la Devota Nililolikalia

Ngara, Jumapili alasiri

Konsolata mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda kumuaga shangazi. Shangazi yako hawaachii watu mapema, kwa hiyo nina muda. Mambo ya safari sitayagusa. Sweta, nauli, namba ya simu ya binamu yako wa Mwanza, usinunue nyama ya njiani, yote hayo mama yako ameshayasema mara tatu na kesho atayasema ya nne. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima hii uliyokaa nyumbani nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Unanijua. Hata siku ya kumposa mama yako, kaka yangu ndiye aliyesema kila kitu, mimi nilikuwa naangalia viatu.

Jana ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi.

Asubuhi ulisimama uani ukawaonyesha wadogo zako cheti chako. Ukawaeleza kwamba wahudumu wa ndege na marubani mmekaa darasani pamoja siku tatu, mkafundishwa kufanya kazi kama kundi moja. Kwamba mhudumu akiona jambo la hatari hata kapteni lazima amsikilize. Kwamba kuna namna ya kulisema, hatua kwa hatua. Ukawaigizia kwa Kiingereza. Mdogo wako alikuwa kapteni, amevaa kofia ya mvua. Ukamwambia bila kutetereka kwamba kuna moshi kwenye mkia wa ndege na unataka atue. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya pazia, na nilisikia fahari, sitakuficha.

Mchana akaja baba yako mkubwa Filibati na pikapu, amekuletea mkungu wa ndizi za kuaga. Alipomaliza kushusha akaanza kurudi nyuma. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa jiko. Beseni la maharage ya mama yako lilikuwa nyuma ya tairi. Niliona macho yako yanakwenda kwenye beseni, yanarudi kwenye gari. Mkono wako ukapanda mpaka kifuani. Mdomo ukafunguka kidogo. Kisha mkono ukashuka, na tairi likapanda juu ya beseni.

"Sasa wewe binti," baba yako mkubwa akasema akitoa kichwa dirishani, "umesimama hapo hapo. Hukuliona?"

"Nililiona, baba mkubwa."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani na wewe umeliona."

"Kwani mimi nina macho kisogoni? Haya, tazameni. Ndio hawa wanaokwenda kutuchunga huko angani."

Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, ukainama kuokota maharage. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natazama migomba. Nilikaa huko mpaka mama yako akaniita chakula.

Si kwa sababu ya beseni, mwanangu. Kati ya asubuhi na mchana wa siku moja, ndani ya ua mmoja, mafunzo yako yalikuwa yamekwisha. Nami nayajua yanavyokwisha, maana niliwahi kupewa hayo hayo, na cheti nilikuwa nacho.

Uliambiwa niliacha urubani kwa ajili ya mgongo. Mgongo uliumia kweli. Lakini wako marubani wenye migongo mibaya kuliko wangu na bado wanaruka. Niliacha kwa sababu ya msichana aliyeitwa Devota. Jina hilo hujawahi kulisikia humu ndani, na mama yako pia anajua nusu tu ya habari zake.

Nianze na mimi nilivyokuwa. Nyumbani tulisema Kihangaza kama mnavyosema na bibi yenu, lakini shule ndiyo iliyonipa lugha mbili nyingine, Kiswahili na Kiingereza, na kila moja ilinigeuza mtu wake. Kwa Kiswahili nilikuwa mtoto wa watu: shikamoo mwalimu, ndiyo mzee, samahani nilikuwa nauliza. Kwa Kiingereza nilikuwa simba. Pale seminari ndogo nilisimama kwenye midahalo nikawashinda wavulana wa kidato cha juu, halafu mdahalo ukiisha, mvulana yule yule niliyemshinda akinisukuma kwenye foleni ya uji nilimpisha. Sikuona ajabu. Kiingereza nilikipata kitabuni na hakuna mzazi wala mzee wangu aliyewahi kunikemea kwa lugha hiyo, kwa hiyo ndani yake sikuwa na wa kumwogopa. Nilidhani huo ni ujasiri, nao umelala mahali, siku nikiuhitaji nitauchukua.

Nilivyofika kwenye urubani umeshasikia, ufadhili, na padre mmoja aliyeniandikia barua nyingi. Nikaajiriwa na kampuni ndogo Mwanza. Wewe ulikuwa darasa la kwanza wakimbizi walipoanza kuingia. Nafikiri unakumbuka moshi ulivyofunika vilima, na miti ilivyokwisha mpaka upande wa pili ukawa unaonekana. Kampuni yetu ikapata kazi ya kuleta mizigo ya mashirika: unga, biskuti za watoto, mablanketi, dawa. Siku nyingine watu wa mashirika wenyewe. Mwanza hadi Ngara, mara mbili kwa siku, mara tatu ikiwezekana. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, umekatwa juu ya mgongo wa kilima, na mwisho wake kulikuwa na korongo.

Tulikuwa watatu kwenye ndege ile. Kapteni Malugu, mtu mzima, Msukuma mwenye mwili na sauti, alikuwa akiruka kabla mimi sijajua kusoma. Mimi, rubani wake msaidizi. Na Devota, wa Nyabusozi kule Biharamulo, binti wa wakulima wa mihogo, aliyekuwa akihesabu abiria, akigawa maji na kusimamia ufungaji wa mizigo. Kiti chake kilikuwa nyuma yetu, hatua mbili tu, na mzigo ulianzia nyuma ya kiti chake.

Kapteni aliniita Padri, kwa sababu ya ile seminari. "Shikamoo Mzee," nilimwambia kila asubuhi. "Marahaba Padri. Umeungama leo? Maana injini ya kushoto inakohoa." Hakuwa mtu mbaya. Ulipougua surua alinipa siku nne na akaruka na mtu asiyemtaka. Nakwambia hivi usije ukamtafutia pembe za shetani kichwani. Ningependa awe na pembe, ingenirahisishia.

Baada ya ndege ya kampuni nyingine kupata ajali mahali fulani, matajiri wetu wakaambiwa lazima marubani wao wapate mafunzo ya kushirikiana. Tukapelekwa hoteli moja kando ya ziwa, siku tatu. Mwalimu alikuwa mgeni, rubani mstaafu, mpole sana. Alitufundisha kwamba ndege nyingi huanguka zikiwa nzima, na ndani yake yupo mtu aliyeona akanyamaza. Akatupa namna ya kusema: mwite mwenzio, mwambie unachokiona, mwambie kinakutia hofu gani, mwambie unataka afanye nini, kisha ungoje akujibu. Tukaigiza. Akasema yeye ni kapteni na amekosea, nani atamzuia? Nikanyoosha mkono. Kwa Kiingereza, mwanangu. Nilimzuia vizuri mpaka wakanipigia makofi. Kapteni Malugu naye alipiga makofi. Lakini wakati wa chai makapteni walikuwa na meza yao na sisi wasaidizi yetu, na hakuna aliyetuambia tukae hivyo.

Devota hakuitwa. Kampuni ilisema mafunzo ni ya marubani. Tuliporudi akanivizia kwenye ngazi za ndege. Jina langu alilitamka kwa lafudhi ya kwao.

"Kaka Raurenti, huko hotelini mmefundishwa nini?"

"Kusema."

"Kusema nini?"

"Ukiona hatari, useme."

Akanitazama aone kama namtania. "Mmelipiwa hoteli siku tatu kufundishwa kusema?"

Siku ya kwanza ya kazi baada ya hapo, tumekaa kwenye viti vyetu, tunangoja ruhusa, Kapteni akanigeukia. "Sasa Padri, yale ya hotelini tumeyaacha hotelini, sivyo? Maana ukisema sana ndege itazidi uzito."

Nikacheka.

Nimekuwa nikikitafuta chanzo kwa miaka, na kila mara narudi hapo. Hakuwa amekataa. Alikuwa ananiuliza. Nadhani hata yeye hakujua atafanyaje na yale mafunzo, akatupa mzaha aone nitaudakaje. Ningeweza kumjibu kwa mzaha pia, tukaanzia hapo. Lakini aliniuliza kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili mimi sikuwa na kitu cha kumwambia mtu wa rika lake isipokuwa ndiyo Mzee. Maneno yote niliyofundishwa yalikuwa upande wa pili, kwenye lugha ambayo sisi wawili hatukuwahi kuitumia ila na watu wa mnara wa kuongozea ndege. Nilipojaribu kuyavusha, yalinitoka kama matusi. Jaribu wewe mwenyewe. Mwambie baba yako mkubwa kwa Kiswahili, nina wasiwasi na unachofanya na nataka uache. Tazama ulimi wako utakavyokuwa mzito.

Hata hivyo, kwa wiki mbili hivi tuliweza. Hili nataka ulijue, nisije nikakuonyesha giza tu. Nilikuwa na aibu ya kile kicheko, na siku moja nikamwomba Kapteni kwamba kabla ya kuruka tusimame chini ya bawa dakika mbili, sisi watatu, kila mmoja aseme anachokiona. Hali ya hewa, mzigo, chochote. Akasema, "Misa fupi?" Nikasema ndiyo Mzee, misa fupi. Akakubali. Na ndilo jina likawa hilo. "Devota, njoo misani." Siku mbili za kwanza Devota alisema hana neno. Siku ya tatu akasema, akiangalia chini, kwamba mzigo umeelemea upande. Kapteni akaenda kuutazama. Akarudi, akawaambia wapakiaji washushe magunia mawili wayahamishe. Kisha akaniambia, "Padri, misa yako ina faida." Siku ile niliruka nikijiona mwepesi. Nilifikiri, kumbe ndivyo inavyofanyika, si kwa cheti, ni kwa kusimama chini ya bawa kila siku mpaka mtu azoee sauti yake mwenyewe.

Aliyeiua ni mimi. Hakuna siku niliyowahi kulikiri hili kwa mtu.

Wakaja wageni, mkubwa mmoja wa shirika na wenzake watano, na tajiri wetu mwenyewe akaja kuwasindikiza hadi kwenye ndege. Walikuwa wamechelewa, wanaangalia saa. Mimi ndiye niliyekuwa naita misa. Nikawaza tutaonekanaje, kapteni mzima amesimama chini ya bawa anamsikiliza msichana wa mizigo. Niliona haya kwa niaba yake. Devota akanisogelea. "Kaka, leo hakuna misa?" Nikamjibu, "Leo wageni." Kesho yake hapakuwa na wageni, lakini mvua ilikuwa inatishia, na hakuna aliyeuliza. Keshokutwa pia. Hatukugombana. Kapteni hakuikataza. Iliisha hivi hivi, kama mtu anavyoacha kufuga kuku. Wala kampuni haikujua kwamba ilianza, kwa hiyo haikujua kwamba imekwisha. Vyeti vyetu vilikuwa ukutani ofisini, vimewekwa kioo, na ambacho tajiri alikiuliza kila jioni ni tumeruka safari ngapi.

Mwezi mmoja hivi baadaye tulikuwa Mwanza tunapakia unga, safari ya tatu ya siku. Mawingu ya upande wa Ngara yalikuwa meusi na Kapteni alitaka tuwahi. Alikuwa ameshaketi. Mimi ndiye niliyekuwa napanda wa mwisho, na Devota akanishika mkono wa shati.

"Kaka Raurenti, ule mkanda wa kulia wa mzigo haushiki. Nimeuvuta mara tatu unateleza."

"Nimekusikia dada. Kaa, tunaondoka."

"Utamwambia Mzee?"

"Nitamwambia."

Nilikusudia kumwambia, Konso. Nilikaa, nikafunga mkanda wangu, Kapteni alikuwa anazungumza na mnara, nikangoja amalize. Alipomaliza injini ilikuwa inanguruma. Nikasema nitamwambia tukiwa mwisho wa njia ya kurukia. Tulipofika mwisho wa njia nikaona tukirudi sasa tutapoteza nusu saa, na ataniuliza kwa nini sikusema tulipokuwa tumesimama. Nikasema nitamwambia juu. Juu nikawaza, nikimwambia huku atafanya nini, na ataniuliza kwa nini sikusema chini. Kila nilivyongoja, neno lilizidi kuwa zito, maana sasa halikuwa neno la mkanda tu, lilikuwa pia neno la kunyamaza kwangu. Mwishoni nikajiambia mizigo imefungwa kwa mikanda minne, mmoja si kitu.

Nilimfanyia Devota kile nilichokuwa nikimlaumu Kapteni moyoni kwamba ananifanyia. Nimekusikia, kaa. Yeye ndiye peke yake katika sisi watatu ambaye hakupelekwa hotelini, na ndiye peke yake aliyesema. Alimwambia yule aliyemwona kuwa ni rahisi kuambiwa.

Tulipofika juu ya uwanja mvua ilikuwa imeshapita upande mmoja. Ndege hutua ikielekea upepo unakotoka, ili upepo uishike. Upepo ukiwa mgongoni unaisukuma, na breki kwenye tope hazisaidii kitu. Niliutazama mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ulio kando ya uwanja. Ulikuwa umegeuka, umejaa, unaelekea kule kule tunakoelekea. Hapo palihitajika sentensi moja: Mzee, upepo uko nyuma, tupande tuzunguke tena. Nilikuwa nayo. Kwa Kiingereza nilikuwa nayo nzima, inang'aa. Nilichosema ni, "Mzee, upepo kama umegeuka kidogo."

"Nauona," akasema.

Sijui kama aliuona.

Tuligusa chini mbali sana, tukateleza, tukaingia korongoni kwa pua. Sitakueleza sauti yake. Ule mkanda wa kulia ukaachia, mingine ikafuata, na unga ukaja mbele wote. Mimi na Kapteni tulitolewa. Devota alikuwa kati yetu na magunia.

Nilipokuwa hospitali Kapteni alikuja, mkono wake umefungwa. Alikaa muda mrefu bila kuniita Padri. Kisha akasema, "Laurenti, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia Mzee. Nilisema upepo umegeuka kidogo."

"Ndivyo ulivyosema," akasema. "Na mimi nikasikia hivyo hivyo. Kidogo."

Ule ulikuwa wakati wa kumwambia habari ya mkanda, na nikanyamaza. Walipokuja wachunguzi wakaniuliza kama kulikuwa na taarifa yoyote kuhusu mzigo kabla ya kuondoka. Nikasema hapakuwa. Wakaandika. Nikatia sahihi. Kapteni aliacha kazi, akarudi kwao, na miaka michache baadaye nikasikia amefariki akiamini kwamba ule mzigo ulikuwa umefungwa sawasawa.

Nilikwenda Nyabusozi kuanua matanga, bado natembea na gongo. Mama yake Devota alinipisha mkekani pake, akaniletea maji ya kunawa yeye mwenyewe. Alikuwa na swali moja. Alisema, "Baba, mwanangu alikuwa mtu wa maneno. Tangu mdogo. Hata kuku akipotea yeye ndiye wa kwanza kusema. Siku ile hakusema kitu?"

Watu wote walikuwa wananitazama.

"Hakusema, mama."

"Basi ilikuwa siku yake," akasema, na akaonekana kama amepata kidogo cha kushika.

Tangu hapo nimeanza safari mbili za kurudi kumwambia ukweli. Ya kwanza niliishia Biharamulo mjini. Ya pili nilisogea hadi Runazi, nikakaa kwenye duka moja nikanywa soda, nikanunua sabuni ambayo sikuihitaji, nikapanda gari la kurudi. Mama yako aliambiwa nimekwenda kuangalia shamba. Yule mama bado yu hai. Nimeulizia.

Sasa wewe unakwenda kukaa kiti kile, mwanangu. Hatua mbili nyuma ya marubani. Utasema ndege zenu ni kubwa zaidi na hazibebi unga. Sawa. Lakini wewe ndiye utakayeona yaliyo nyuma, na mbele watakuwa wamekaa watu wenye umri wangu, wenye sauti, wengine wema sana, na utawaamkia kila asubuhi. Nimejaribu wiki hii kutafuta la kukupa na sikupata mengi. Maneno yako uliyofundishwa yageuze Kiswahili wewe mwenyewe, sasa, kabla hujayahitaji, maana hatari haitakungoja uchague lugha. Siku ya kwanza mwulize kapteni kitu kidogo kisicho na hatari yoyote, ili masikio yake yaizoee sauti yako na wewe uizoee. Kama mna mazoea ya kusemezana kabla ya safari, yashike hasa siku ile wageni wanapotazama. Na akija mfagiaji au mpakiaji akakuambia neno, lipeleke akiwa bado anakutazama. Usilikalie. Mimi nililikalia safari nzima, na bado nimelikalia.

Lakini nikisema ninaamini kwamba utaweza nitakuwa nakudanganya. Nilikuona jana. Nilikuona kwa sababu ni mimi niliyekufundisha. Ni mimi niliyekupiga kofi ukiwa na miaka minane kwa kumwambia mgeni wangu kwamba ameshakula vipande viwili vya nyama. Ulikuwa umesema kweli, alikuwa amekula viwili. Tulikulea ukawa binti mwenye adabu, watu wote wa kilima hiki wanakusifu, na mafunzo ya siku tatu yatashindana vipi na miaka ishirini ya sifa? Sijui kama ipo kampuni inayoendelea kuwauliza watu wake, mwezi baada ya mwezi, nani amesema nini na alijibiwaje. Pengine ipo. Yetu haikuuliza. Naogopa kwamba utasema kidogo, na watasikia kidogo. Na nikiwa na hofu yote hii sikuzuii kwenda, kwa sababu hata hilo sijui nitalianzaje.

Nilipofika hapo niliikunja karatasi hii katikati, maana mlikuwa mmerudi. Umeingia ukanikuta mezani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shangazi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Mama yako alipita jikoni, tukabaki wawili. Nikakuuliza, "Una hofu na kesho?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Tangu Ijumaa hujala ukamaliza sahani. Mama yako aliniambia asubuhi kwamba umetapika. Na ulipokuwa unanijibu ulikuwa umeikunja ncha ya kanga yako vidoleni mpaka ikawa kama kamba. Ningeweza kusema, Konso, naona unaogopa, na mimi naogopa kuliko wewe, keti. Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na injini wala mvua wala mgeni.

Nikasema, "Vizuri, mwanangu. Nenda ukaoge kabla maji hayajapoa."

Nawe ukasema asante baba, ukaenda.

Barua hii nitakupa kesho kupitia dirishani, basi likishaanza kutembea, ili usipate nafasi ya kunijibu.

Ni mimi baba yako,
Laurenti